Ukuta Usiofika Juu

Mpendwa mama,

Nimelala kwenye kitanda chako. Naanza na hilo ili ujue barua hii inatoka wapi. Ni chumba kilekile cha upande wa kibla hapa Mbwajumali, dirisha lilelile linalotazama kisima, na ukuta uleule wa kati usiofika juu, ambao baba alikuwa akisema ataumalizia mwaka ukiwa mzuri. Makuti yameondoka, sasa ni mabati, na adhuhuri joto lake si la kusimuliwa. Mengine yako kama ulivyoyaacha.

Miwani yangu nimerudishiwa kwa alasiri hii moja tu. Nani aliyenipokonya na kwa nini amenirudishia, nitaeleza kwa utaratibu.

Kwanza, una mjukuu. Ni msichana. Alizaliwa Lamu hospitalini, mzima, na sauti ya kusikika hadi gatini. Nimempa jina lako, kwa hivyo nyumba nzima sasa wasema, "Salma amelala," "Salma amejikojolea," na kila mara mimi hugeuza shingo kidogo kwa mazoea, kisha nikakumbuka.

Unajua umri wangu. Nilidhani mambo ya kuzaa yamenipita. Miaka yote hii nimekuwa nikiandika habari za watu wengine: kesi, mafuriko, migomo ya bandarini, vikao vya kaunti vinavyoanza saa tatu na kuisha bila kuamua kitu. Nimewahi kusimama ukingoni mwa mto nikingoja maiti iopolewe huku nakula chapati, kwa sababu ilikuwa saa ya kula. Nilidhani mtu wa namna hiyo hawezi kushindwa na arubaini. Nimekaribia kushindwa, mama, na si kwa maumivu uliyonionya nayo.

Aliyenileta huku ni Mama Mdogo Zuhura, ndugu yako. Mimi nilitaka kubaki Mombasa na mume wangu Athman, ghorofa ya tatu, tusomeshane malezi wenyewe kwa wenyewe. Athman hukuwahi kumwona. Ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole, hasomi kitu kisicho na namba ndani yake. Mama Mdogo alipopata habari kuwa mimi ni mja mzito alinipigia simu. Hakunipongeza. Alisema, "Uzazi wa kwanza ni kwenu. Mamako hayupo, mimi nipo. Ndoo huku nikulee." Akakata.

Basi nikaja Lamu kujifungua, na mtoto alipotoka hospitalini tukapanda boti hadi Mtangawanda, na kutoka pale tukabebwa na pikapu ya mwalimu mkuu. Mama Mdogo alikaa mbele na mtoto mapajani, akimgombeza dereva njia nzima: "Taratibu, wee! Umetukua mzazi, hukutukua simiti." Yule kijana akaendesha hadi punda wakatupita.

Tangu siku hiyo nalelewa. Nakandwa kwa maji ya moto, nafungwa mkaja tumboni hadi pumzi inakuwa ya kuhesabiwa, nanyweshwa uji wa pilipili manga asubuhi na supu ya kuku jioni. Nyumba haikosi watu. Wanawake wa mtaa huja kwa zamu, hukaa kwenye mkeka, na mazungumzo huwa hivi, yote juu ya mtoto:

"Kijana ameshiba?"

"Ameshiba."

"Maziwa yashuka?"

"Yanashuka, alhamdulillahi."

"Pua ya Bi Salma hii, Mungu amrehemu."

"Pua za watoto hugeuka. Mngoje hadi aote meno."

Kisha huanza tena kutoka mwanzo, kwa sababu mwingine ameingia naye hajauliza. Ni watu wema. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Lakini siku moja nilijaribu kupenyeza jambo lingine. Nilimwuliza Bi Rukia, jirani wa nyumba ya nyuma, kama shule imepata walimu au watoto wangali wanachanganywa madarasa mawili kwenye chumba kimoja. Alinitazama kwa huruma, akanipigapiga goti. "Mwanangu," alisema, "wewe fikiria maziwa."

Nikafikiria maziwa.

Nilikuwa nimekuja na vitabu vitatu, nimevificha chini ya nepi kama mtu anayevusha magendo. Mama Mdogo alivipata siku ya pili. Alivitoa kimojakimoja, akavipima uzito mkononi. "Na hivi navyo ni vya kumfunikia mtoto?" Nikamwambia ni vya kusoma. Hapo ndipo alipotoa sheria ambayo bila shaka unaikumbuka: mzazi hasomi, hashoni, hatazami kitu kidogo kwa muda mrefu, hadi arubaini itoke. "Mato yako yangali mai, hayajakaza," alisema. "Ukiyatumia sasa, uzeeni utatunga sindano kwa kubahatisha." Akanivua miwani usoni kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemvua mtoto kofia, akaifunga kwenye leso na kuitia kabatini. Ufunguo ukaenda kwenye kifundo cha kanga yake. Simu aliniachia, kwa sharti kwamba iwe ya sikio.

Ningeweza kubisha. Nimebishana na mawakili na maafisa wa polisi, na muuguzi wa Lamu alikuwa ameniambia kusoma hakuna madhara. Sikubisha. Mama Mdogo ana magoti yasiyokunjika, na bado huamka kabla ya adhana kuchemsha maji ya kunikanda. Hunifulia nguo za damu kwa mkono wala hataki zitoke nje ya ua. Mtu wa hivyo huna uso wa kumbishia juu ya kitabu.

Bila miwani naona mnazi wa mbali tawi kwa tawi, lakini herufi zilizo mkononi ni sisimizi. Nilianza kusoma vitu kwa kunyoosha mkono mpaka mwisho: kopo la poda, karatasi ya dawa, maandishi ya kanga ukutani. Nikamaliza. Nikarudia. Wiki ya pili nilijikuta namweleza mtoto jinsi ya kuandika habari ya mahakamani: anza na hukumu, usianze na mavazi ya hakimu, na jina la mshtakiwa lihakikishe mara mbili. Alinisikiliza vizuri kuliko wahariri wengi niliowahi kuwa nao, kisha akatapika.

Athman alikuwa akipiga kila jioni. "Amenyonya mara ngapi? Amekunya? Rangi gani?" Najua alikuwa akiandika majibu kwenye jedwali, maana nilikuwa nikisikia kalamu. Nilijibu kama shahidi. Halafu nikamwuliza, "Na wewe?" Akasema, "Mimi mzima." Tukaagana. Niliweka simu chini na kugundua kwamba kwa siku nzima sikuwa nimesema sentensi moja isiyohusu kitu kinachoingia au kutoka kwa mtoto. Nampenda mtoto huyu, mama. Naliandika hilo ili lisitafutwe katikati ya mistari. Lakini kuna mtu mwingine aliyekuwa akikaa ndani ya kichwa changu, anayesoma, anayebisha, anayecheka kwa jambo la kijinga gazetini, na nilikuwa nikimsikia akienda mbali, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaenda.

Ndipo nilipoanza kukukumbuka wewe, ulipolala hapa ukiwa na umri mdogo kuliko wangu wa sasa.

Ni mwaka aliozaliwa Shee, kitinda mimba wako. Mimi nilikuwa darasa la tano. Bibi, mama yako, ndiye aliyekuwa mtawala wa chumba hiki, na sheria ilikuwa ileile ya macho, ila kwako iliuma zaidi, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa ukisoma kupitia kwako. Wanawake walikuletea barua za watoto wao walioko Mombasa na Uarabuni, nawe ulizisoma kwa sauti pale barazani kwetu ndani, na kijana akisahau kumsalimu mamake, ulimwongezea salamu. Bibi aliondoa kila kitu chenye maandishi, hata kalenda ya ukutani. Ulisema, "Sawa, mama," kwa utiifu ambao ningepaswa kuushuku.

Alasiri ile ile uliniita. Bibi alikuwa ameenda kulala.

"Bibi yako amekataza mato," uliniambia. "Mashikio hakuyataja. Wewe si wasoma darasa la tano?"

"Ndiyo."

"Haya. Nenda kwa Bwana Lali ukanunue sukari."

Unakumbuka karatasi za Bwana Lali? Alikuwa akiletewa mabunda ya magazeti ya zamani kutoka Lamu, akiyakata vipande, akikunja kila kipande mfano wa pembe na kutia sukari ndani. Wewe ulikuwa umekwisha kugundua, kabla ya kujifungua, kwamba kwenye bunda la mwezi ule kulikuwa na hadithi ya mfululizo, yenye picha ndogo ya treni juu yake. Nikatumwa nikaitake hiyo.

"Nipe sukari robo, na mama asema unifungie kwa yenye picha ya treni."

"Mamako anunua sukari au anunua karatasi?"

"Vyote."

"Basi mwambie karatasi nayo nitaanza kuitia mizanini."

Lakini alizitafuta. Alipinda mgongo akafukua bunda huku wateja wengine wakinuna. Sukari ikajaa mikebe yote ya nyumba. Baba aliuliza kama tunajiandaa kwa harusi ambayo hajaambiwa. Ukaigawa kwa majirani, na mimi nikabaki na karatasi, zenye chembe zinazong'aa kwenye mikunjo, nikikaa kwenye kigoda karibu na mto wako na kukusomea.

Ilikuwa hadithi ya mwanamke anayeitwa Rehema, karani wa posta katika mji wa bara. Alipozaa, mumewe alimtaka aache kazi, na alipokataa akamfungia viatu vyake kabatini. Siku moja Rehema akatoka peku, mtoto mgongoni na sanduku la bati kichwani, akapanda treni. Tuliisoma ovyo, kwa sababu Bwana Lali hakuwa akiuza sukari kwa mpangilio. Sehemu ya treni tuliisoma kabla ya sehemu ya viatu. Ulikuwa ukinyanyua kidole: "Hiyo weka, haijafika." Uliipanga hadithi nzima kichwani, macho umefumba, mtoto akinyonya. Nilipofika mahali palipolowa nikasema hapa pana doa, ulisema, "Basi jaza." Nikajaza. Wewe ukapima maneno niliyojaza, ukasema, "Hapana, huyo Rehema hasemi hivyo," nikajaza tena. Kazini hawaturuhusu kujaza, mama, lakini kusikiliza kama mtu angesema hivyo au hasemi hivyo, nilijifunza kwenye kigoda kile.

Na kulikuwa na jambo moja sikulielewa. Kila mara ulikuwa ukiniambia, "Paza sauti."

"Mama, niko hapa hapa."

"Najua uliko. Paza."

Nilidhani kuzaa kunaziba masikio. Nililiamini hilo kwa siku kadhaa, na nilihofia kuuliza kama yatazibuka. Nikasoma kwa kelele hadi Bi Rukia, wakati ule bado bibi harusi, akauliza kisimani kama nyumba yetu imefunguliwa madrasa.

Sehemu ya mwisho haikupatikana ndani ya arubaini. Tulimwacha Rehema kwenye kituo kidogo cha njiani, treni imesimama, na ng'ambo ya reli treni nyingine inayoelekea alikotoka. Alishuka na sanduku lake akasimama kati ya hizo mbili. Hapo karatasi zikakatika. Arubaini ikatoka, ukarudishiwa macho yako, na Mama Mdogo, aliyekuwa amekuja kutoka Chundwa kukusaidia, akarudi kwa mumewe.

Shee alikuwa ameanza kutambaa siku uliporudi mwenyewe kutoka kwa Bwana Lali, umesimama mlangoni na sukari kwenye bakuli na karatasi mkononi. Nilikutazama ukisoma. Midomo yako ilikuwa ikienda kidogo. Ulipomaliza uliikunja mara mbili ukaitia kifuani.

"Alirudi?" nikauliza.

"Wewe ukizaa nitakuhadithia."

"Mama!"

"Utakuwa umelala hapo, huna la kufanya, na mimi ndiye nitakayekuwa na mato. Nitakuhadithia yote."

Ulicheka, nami nikanuna hadi magharibi. Halafu nikaenda shule ya bweni, nikaenda chuo, nikapata kazi, ukaugua, ukatutoka, na Rehema hakunijia akilini hata mara moja katika miaka hiyo yote. Ahadi ya namna ile haina maana mpaka mtu awe amelala mahali ilipotolewa.

Sasa nikueleze la wiki iliyopita.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, watu hawajaanza kuja. Athman akapiga mapema. Nilimsikia akitafuta kalamu.

"Leo usiniulize kitu," nikamwambia. "Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Chochote. Gazeti liko hapo?"

"Lipo. Nimelifungua michezo."

"Soma michezo."

Akaanza. Anasoma kama anayeita majina ya wanafunzi asubuhi, na kila nukta kwake ni mwisho wa dunia. Ilikuwa habari ya timu fulani iliyofungwa nyumbani, na kocha wake anayelaumu nyasi. Sijali mpira, unajua. Niliweka simu juu ya mto, kipaza sauti wazi, nikafumba macho. Sentensi zilikuja moja baada ya nyingine, zina mwanzo na mwisho, na ndani yake kulikuwa na watu wazima wanaogombana juu ya jambo lisilohusu maziwa. Sikulia. Nalisema kwa sababu Athman aliniuliza baadaye.

Kutoka upande wa pili wa ukuta, sauti ikasema:

"Mwambie apaze! Huku hasikiki."

Athman akakatiza kusoma. "Nani huyo?"

"Mama Mdogo."

"Anapenda mpira?"

"Soma tu, Athman."

Akasoma kwa nguvu, hadi mwisho, pamoja na jedwali la ligi, ambalo alilisoma kwa furaha ya kweli. Alipomaliza na kuaga, Mama Mdogo aliingia. Alikuwa akisuka ukili, utepe mrefu wa mkeka umemning'inia mkononi hadi sakafuni. Akakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooka.

"Kwani huyo kocha wamfukuza au hawamfukuzi?"

"Haijulikani. Watakaa kikao."

"Watamfukuza. Mtu akianza kulaumu nyasi amekwisha." Akasuka kidogo. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Na yule wa treni? Alirudi?"

"Wa treni gani?"

"Rehema. Karani wa posta. Ana kijana mgongoni."

Nimeuliza watu maswali maisha yangu yote, na najua mtu anapoleta jambo alilolibeba muda mrefu: hulitaja kama lililotokea jana. Nikamwachia nafasi.

Aliniambia mwaka ule hakuja kukusaidia. Hayo ndiyo tuliyoambiwa watoto. Alikuja na sanduku lake, amemwacha mumewe Chundwa, na alikusudia asirudi. Bibi alimwambia hakuna maneno hadi arubaini ya dadake itoke, ikitoka atarejeshwa, basi kwa sasa aingie jikoni akoroge uji. Jiko lilikuwa pale, nyuma ya ukuta huu. "Nikawa nakoroga nikikusikiliza. Ulikuwa wasoma vibaya, mwanangu, Mungu anisamehe. Lakini nilisikia yote. Uji uliungua siku ngapi! Mamako aliunywa hivyo hivyo, hakusema neno."

"Kwa nini hukumwuliza mama mwisho wake?"

"Ningemwulizaje? Angejua nilikuwa nikisikiliza." Akageuza utepe. "Na angejua kwa nini."

Mtoto alikuwa amelala kifuani pangu. Nilimwangalia Mama Mdogo, kwa macho haya yanayoona mbali tu, na uso wake pale ukutani ulikuwa wazi kabisa.

"Mama alijua," nikasema. "Alikuwa akiniambia nipaze sauti."

"Ulikuwa na kijisauti cha chini."

"Nilikuwa kwenye mto wake, Mama Mdogo. Kichwa changu na chake."

Mikono yake ikasimama. Nje mtu alikuwa akiteka maji, ndoo ikagonga ukingo wa kisima, ikashuka. Alitazama juu, pale ukuta unapoishia na mabati hayajaanza, akapatazama kwa muda mrefu kama anayepima sauti ingepita wapi. Kisha akautazama ukili wake, akaona amekosea, akaanza kuufumua.

"Basi mimi nilirudi," alisema. "Nilikaa naye hadi akafa. Mwishoni hakuwa mbaya sana. Alichoka." Akafumua tena. "Lakini yeye Rehema, sijui."

Hii ndiyo habari, mama, na nitaiandika kama ninavyoandika nyingine. Ninachokijua ni kwamba ulinifanya nisomee watu wawili, huku mimi nikidhani ni mmoja. Najua ulikunywa uji ulioungua. Najua kwamba mwisho wa hadithi ulikufikia Mama Mdogo akiwa amekwisha kurudi Chundwa, na kwamba uliukunja ukautia kifuani, hukumwambia yeye wala mimi. Sijui kwa nini. Huenda Rehema hakurudi, na hukutaka dadako alisikie hilo akiwa amekwisha kurudi. Huenda alirudi, na hukutaka mimi nilisikie nikiwa na umri ule. Huenda ulikuwa ukinitania tu, kisha dunia ikakushughulisha. Sina ushahidi wa lolote kati ya hayo, na aliyekuwa nao ni mtu mmoja.

Nilimwambia Mama Mdogo kwamba magazeti ya zamani huhifadhiwa. Ni kazi yangu, najua pa kuanzia na nani wa kumwuliza. Nikirudi Mombasa naweza kulitafuta lile la Rehema.

"Usilitafute," alisema.

"Kwa nini?"

"Ukilipata, mimi nawe tutazungumza nini?"

Basi tunazungumza. Kila alasiri Athman hupiga, hutusomea chochote kilicho mbele yake, na juzi hata hakutafuta kalamu kwanza. Kisha Mama Mdogo huingia na ukili wake, na Rehema hurudi kati yetu. Yeye asema alipanda treni ya pili akarudi, kwa sababu mtoto mdogo na kituo kisicho na maji ni mambo mawili yasiyokaa pamoja. Mimi nasema hakurudi. Aniuliza angekula nini. Namwambia ni karani, ana kazi mkononi, posta ziko kila mji. "Peku?" auliza. "Ataingia posta ya watu peku?" Jana tuligombana hasa, hadi Bi Rukia akaingia na bakuli la maandazi akataka kujua nani amekufa. Akaelezwa. Akakaa. Baada ya kitambo akasema kwamba yeye, siku zile za kisimani, alikuwa akitamani kila siku tukaribie dirisha zaidi. Hakuuliza kama kijana ameshiba.

Lakini nisikudanganye kwamba yamekwisha. Saa ya kusomewa ni moja, na siku ni ndefu. Wageni wakiondoka na Mama Mdogo akiingia kuswali, chumba hurudi kuwa chako, na mimi hubaki nikisikiliza pumzi ya mtu mmoja ambaye hana la kuniambia kwa sasa. Arubaini inakaribia kutoka. Nitarudi ghorofa ya tatu, kwenye kuta zinazofika juu, ambako jirani yangu simjui jina. Mama Mdogo atabaki na nyumba. Nimemwahidi kumpigia kila alasiri nimsomee. Hakunishukuru. Alisema tu nisiwe na kijisauti.

Asubuhi hii nilimwambia natamani kukuandikia. Nilitegemea anikumbushe macho yangu. Alifungua kifundo cha kanga, akatoa ufunguo, akaenda kabatini, akaifungua leso. Akaifuta miwani kwa ncha ya kanga, vioo vyote viwili, akanivisha mwenyewe.

"Alasiri moja," alisema. "Mwandikie. Na umwulize."

Nauliza, mama. Nimezaa. Nimelala hapa, sina la kufanya. Zuhura amekaa upande wa pili wa ukuta, ameacha kusuka, na wewe ndiye uliyesema utakuwa na mato.

Mwanao,
yule wa kigodani, darasa la tano